Ushindi wa Chicago na Goli la Pili

(Hotuba iliyotolewa katika karamu ya jioni, mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



 Katibu wetu aliponiandikia aliniomba niseme maneno machache juu ya michezo na malezi. Nilishangaa kidogo. Mimi ni mtumishi wa serikali; maisha yangu ni majalada, madokezo na vikao, na tumbo hili mnaloliona ni ushahidi kwamba ni siku nyingi sijafukuza mpira. Lakini nilipofikiri zaidi niliona kwamba liko jambo la michezo ambalo nimelibeba kwa miaka mingi, na kwamba hakuna mahali pa kulitua isipokuwa hapa. Kwa hiyo nilikubali. Naomba mnivumilie, kwa sababu safari yangu itaanzia mbali, tena kwenye mchezo ambao siku zetu hapa shuleni hatukuujua kabisa, yaani besiboli.

Mwezi wa Agosti 2015 nilipata nafasi ya kwenda masomoni Marekani, mjini Chicago, kwa muda wa miaka miwili. Nilipanga chumba cha juu katika nyumba ya mzee mmoja aliyefiwa na mkewe, dereva wa treni za mjini aliyestaafu. Nilimfundisha neno "Mzee", akalipenda, na tangu hapo sikumwita jina jingine. Nyumba yake ilikuwa upande wa kaskazini wa mji, umbali wa kutembea kwa miguu hadi uwanja uitwao Wrigley Field, ambao ulijengwa mwaka 1914. Timu ya uwanja huo ni Chicago Cubs, jina ambalo maana yake ni watoto wa dubu.

Ndugu zangu, mzee yule alinikalisha mbele ya televisheni juma la kwanza tu, akanifundisha mchezo kama mtu anayefundisha dini. Mtu mmoja anatupa mpira mdogo, mgumu, kwa nguvu zake zote. Mwingine amesimama na rungu anajaribu kuupiga. Akiupiga vizuri anakimbia kuzunguka vituo, na akirudi salama pale alipoanzia, timu yake imepata pointi moja. Watatu wakitolewa, timu zinabadilishana. Kila timu ina zamu tisa, na zikilingana zinaongezwa zamu mpaka mmoja ashindwe. Hakuna mwamuzi anayetazama saa apulize filimbi. Mchezo unakwisha ukimalizika. Kwa mtu aliyezoea vikao vya serikali, hilo halikunipa taabu hata kidogo.

Lililonipa taabu ni historia ya timu yenyewe. Mara ya mwisho Cubs kutwaa ubingwa ilikuwa mwaka 1908. Fikirini, mwaka 1908 nchi yetu hii ilikuwa chini ya Wajerumani, na vita vya Maji Maji vilikuwa vimezimwa mwaka mmoja tu uliotangulia. Tangu hapo watu walizaliwa, wakaishangilia timu ile maisha yao yote, wakazeeka, wakazikwa, bila kuona kombe. Mwaka 1945 walifika fainali wakashindwa na Detroit. Husimuliwa kwamba katika fainali ile mwenye baa mmoja alizuiwa kuingia uwanjani na mbuzi wake, akailaani timu kwa hasira. Mzee alicheka aliponisimulia, lakini alicheka kama tunavyocheka sisi tunaposema hatuamini uchawi. Mchezaji aliyempenda kuliko wote alikuwa Ernie Banks, aliyeichezea Cubs peke yake tangu 1953 hadi 1971, akapiga mipira 512 iliyotoka nje ya uwanja, na hakucheza fainali hata moja. Alifariki Januari 2015, miezi michache kabla sijafika.

Mwaka ule ule wa 2015 walikaribia tena, lakini New York Mets wakawafunga michezo minne mfululizo katika hatua ya kuelekea fainali. Usiku wa kushindwa ule Mzee alizima televisheni, akakaa kimya muda mrefu. Kisha akanisimulia habari ya mwaka 2003. Hiyo ndiyo habari iliyonileta mbele yenu.

Tarehe 14 Oktoba 2003 Cubs walikuwa wakicheza na Florida Marlins hapo hapo Wrigley Field. Walikuwa wakiongoza pointi tatu kwa sifuri katika zamu ya nane. Walihitaji kuwatoa wapinzani watano tu waingie fainali. Mpira mmoja ukapigwa juu, ukaelekea ukingo wa uwanja, penye viti vya watazamaji. Mchezaji wa Cubs aliruka kuudaka. Watazamaji kadhaa nao walinyosha mikono, kama ilivyo desturi ya pale, kwa sababu kila shabiki hutamani kurudi nyumbani na mpira. Mkono wa kijana mmoja ndio uliougusa. Alikuwa shabiki wa Cubs, amevaa kofia ya Cubs. Mpira haukudakwa. Baada ya hapo Marlins wakapata pointi nane katika zamu ile ile, na Cubs wakashindwa nane kwa tatu.

Sitamtaja kijana yule jina, kwa sababu limetajwa vya kutosha. Umati ulimrushia bia na matusi, mpaka walinzi wakamtoa uwanjani amejifunika uso. Kesho yake jina lake na mahali anapoishi vilitangazwa, na polisi wakalazimika kulinda nyumba. Mpira wenyewe ulinunuliwa kwa mnada kwa zaidi ya dola laki moja, na Februari 2004 ukalipuliwa hadharani, watu wakishangilia.

Sasa tazameni hesabu. Baada ya mkono ule, mchezaji mmoja wa Cubs alishindwa kudaka mpira rahisi uliomfuata miguuni. Watupaji wa Cubs ndio waliotoa zile pointi nane. Tena siku iliyofuata ulikuwapo mchezo mwingine ambao wangeweza kushinda na kuingia fainali. Wakaongoza, kisha wakashindwa tisa kwa sita. Kijana yule hakutupa mpira hata mmoja, wala hakushika rungu. Lakini mji mzima ulipotafuta pa kuweka uchungu wake, uliuweka juu ya kichwa chake.

Mzee aliniambia, "Usiku ule mimi nilikuwa barabarani nje ya uwanja, pamoja na maelfu wengine, tukisikiliza redio. Nilikuwa na wajukuu tayari. Nilipiga kelele za matusi kama vijana wadogo. Na nilijua. Nilikuwa nimeusikiliza mchezo mzima, nilijua si yeye."

Ndugu Mwenyekiti, usiku ule sikulala. Nilipofumba macho sikuona Chicago. Niliona uwanja wetu huu hapa nje, mwezi wa Novemba 1997.

Wenzangu wa wakati ule mnakumbuka. Ulikuwa mwaka wa mvua za El Niño. Barabara zilikatika, sukari ya uji ilikwisha, na uwanja ulikuwa tope kutoka goli hadi goli. Siku hiyo tulicheza na majirani zetu wa ng'ambo ya mto, ambao hatukuwa tumewafunga tangu nilipoingia Kidato cha Kwanza. Tulikuwa tukiongoza moja kwa sifuri. Zilikuwa zimebaki dakika kama kumi. Mmoja wao akapiga shuti dhaifu, shuti la kumrudishia kipa. Mpira ukapita mikononi mwa kipa wetu, ukapita katikati ya miguu yake, ukaingia polepole, sote tunautazama. Moja kwa moja. Na kabla ya filimbi wakapata la pili.

Jioni ile bwaloni wimbo ulizaliwa. Hamna haja niuimbe. Naona nyuso hapa ambazo bado zinaukumbuka. Kipa alipewa jina la Chekeche, kwa kuwa mikono yake haizuii kitu. Aliimbiwa akienda kuoga, akiimbiwa akipanga foleni ya ugali, akiimbiwa bwenini baada ya taa kuzimwa. Tuliweka chekeche la kweli la jikoni juu ya kitanda chake. Wakati wa likizo baba yake alikuja, akalipandisha sanduku lake la bati juu ya basi, na kijana yule hakurudi tena. Alikwenda kumalizia shule kwingine. Mwaka 1998 tuliwafunga majirani zetu tatu kwa moja, tukabebana mabegani mpaka hapa bwaloni, na nakumbuka mwenzetu mmoja alisimama juu ya benchi akatangaza kwamba sasa hata Chekeche tumemsamehe. Tukampigia makofi.

Sasa niseme lililonileta. Nani anakumbuka goli la pili lilifungwaje? Nimewauliza watu wengi kwa miaka mingi, kwa ujanja, na hakuna anayekumbuka. Mimi nakumbuka. Nilikuwa beki wa kulia. Mpira ulikuwa miguuni mwangu, hakuna aliyenibana, nami kwa woga nikaurudisha nyuma bila kutazama, ukasimama kwenye tope, mshambuliaji wao akaukuta. Kipa alitoka kujaribu kuokoa kosa langu. Hilo ndilo goli lililotufunga. Wimbo ulipoanza bwaloni niliungana na waimbaji upesi sana, na niliimba kwa sauti kubwa kuliko wote, kwa kuwa kila mtu aliyekuwa akimtazama yeye hakuwa akinitazama mimi. Nyani haoni kundule, husema wahenga. Lakini mimi nililiona langu vizuri, ndiyo maana nilinyosha kidole kwa la mwenzangu.

Basi nirudi Chicago. Mwaka 2016 Cubs waliingia fainali, mara ya kwanza tangu 1945. Walicheza na Cleveland. Ubingwa hupatikana kwa kushinda michezo minne kati ya saba. Cubs walishindwa mitatu kati ya minne ya kwanza, na Mzee akaanza kuzungumza kama mtu aliye matangani. Kisha wakashinda wa tano. Wakashinda wa sita. Ukabaki mchezo wa saba, huko huko Cleveland, tarehe 2 Novemba 2016.

Tuliketi sebuleni, Mzee, mimi, na majirani wawili. Mpigaji wa kwanza kabisa, Dexter Fowler, aliutoa mpira nje ya uwanja. Ilipofika zamu ya nane Cubs walikuwa na sita, Cleveland tatu. Akaingizwa Aroldis Chapman, mtupaji mwenye mpira wa kasi mno, amalize kazi. Naye alikuwa amechoka, maana alitumiwa sana michezo iliyotangulia. Cleveland wakapata moja. Halafu Rajai Davis akaupiga mpira ukavuka ukuta wa kushoto, pointi mbili. Sita kwa sita. Mzee alisimama, akaenda jikoni, akafungua bomba la maji akaliacha linamwagika. Nilijua yuko wapi. Yuko 2003, na anatafuta wa kumlaumu, na safari hii wa kumlaumu yupo, tena ana jina na namba mgongoni.

Zamu ya tisa ikapita bila mshindi. Kisha mvua ikanyesha. Waamuzi wakasimamisha mchezo, turubai likafunikwa uwanjani. Mvua ile ilidumu dakika 17 tu.

Katika dakika hizo mchezaji mmoja, Jason Heyward, ambaye mwaka ule rungu lake lilikuwa limemkataa na magazeti yalikuwa yamemsema sana, aliwakusanya wenzake katika chumba kidogo cha kunyanyulia vyuma. Habari zake tulizipata baadaye. Aliwakumbusha kwamba wao ni timu bora na kwamba wanahitajiana. Hawakuingia mle kumhukumu Chapman. Waliingia pamoja naye.

Mvua ilipokoma walitoka wamebadilika. Ben Zobrist akaupiga mpira ukapenya kandokando ya mstari wa kushoto, saba kwa sita. Miguel Montero akaongeza, nane kwa sita. Cleveland wakapata moja, nane kwa saba. Saa sita kasoro dakika chache usiku kwa saa za Chicago, mpira wa mwisho ulimfikia Kris Bryant, akateleza kwenye majani mabichi huku anatabasamu, akautupa kwa Anthony Rizzo. Miaka 108 ikaisha. Kuteleza si kuanguka.

Kuna jambo moja ambalo Mzee alinionyesha katika gazeti, nami nimelihifadhi kuliko kombe lenyewe. Katika besiboli kila ushindi huandikwa rasmi kwa jina la mtupaji mmoja, na kwa kawaida ni yule aliyekuwa akiutumikia mchezo wakati timu yake ilipoanza kuongoza moja kwa moja. Mtu huyo usiku ule alikuwa Chapman, aliyefanya kosa, kisha akarudi zamu ya tisa akasimama imara. Katika kumbukumbu za mchezo mkubwa kuliko yote ya timu ile, ushindi umeandikwa kwa jina la mtu ambaye Oktoba 2003 angefukuzwa mjini.

Siku zilizofuata watu walimiminika Wrigley Field na chaki. Waliandika juu ya kuta za matofali majina ya wazazi wao, babu zao, wake na waume zao, wote waliokufa wakingoja. Ukuta ulijaa mpaka watu wakaleta ngazi. Mzee alimwandika mkewe na baba yake. Halafu akanipa kipande cha chaki. "Wewe je, unaye mtu?"

Nikamwambia ninaye, lakini si marehemu, wala hajui besiboli ni kitu gani. Nikamweleza habari ya kipa wetu. Sikumficha goli la pili. Alikuwa mtu wa kwanza kumwambia.

Mzee akachukua chaki yake mkononi mwangu. Akasema, "Huyo usimwandike ukutani. Mwandikie barua."

Mwaka 2017 timu ile ilimpa yule kijana wa 2003 pete ya ubingwa, sawasawa na wachezaji wake. Watu wengi walisema amesamehewa. Niliposikia neno hilo nilikumbuka mwenzetu aliyesimama juu ya benchi mwaka 1998. Asamehewe nini? Klabu ilifanya vyema kumpa, nami nawapongeza; lakini wa kusamehewa hakuwa yeye.

Barua sikuiandika upesi. Nyinyi watumishi wenzangu mnajua jalada linavyoweza kulala. Nililaza lile kwa zaidi ya miaka miwili baada ya kurudi nyumbani. Hatimaye nilipata anuani yake kwa mwenzetu mmoja, nikaandika kurasa nne, za visingizio vitatu na ukweli mmoja. Alinijibu nusu ukurasa. Anaishi mkoa mwingine, ana kazi yake na watoto wake, na amenipa ruhusa niseme haya ilimradi nisimtaje.

Aliandika kwamba goli la kwanza lilikuwa lake, na hajapata kulikana. La pili alilijua ni langu tangu siku ile, maana kipa huona uwanja wote. Hakumwambia mtu. Alidhani nitasema mwenyewe, akangoja juma la kwanza, akangoja la pili, mpaka baba yake alipokuja. Akaandika kwamba wimbo hauhitaji kuombewa radhi, wavulana ni wavulana. Alichokuwa akingoja ni mtu mmoja asimame katika bwalo lile lile atoe hesabu ilivyokuwa.

Ndugu zangu, hili ndilo bwalo lenyewe. Hesabu ni hii: tulifungwa mbili kwa moja. Moja lilikuwa la kipa. Moja lilikuwa langu.

Namwomba Ndugu Mhariri wa gazeti letu asiifupishe sehemu hiyo hata kama nafasi ni finyu, afupishe besiboli.

Ninayo maombi mawili, kisha nikae. La kwanza ni kwa chama. Mwenzetu hajawahi kualikwa katika mikutano hii, kwa sababu daftari letu ni la waliomaliza hapa. Alisoma hapa miaka mitatu, akalinda goli letu miaka miwili, na kabla ya siku ile ya tope aliokoa mengi ambayo hakuna aliyeyatungia wimbo. Naomba aandikwe, na mwaliko wa mwakani utiwe saini na sisi tulioimba. Sina ahadi yake kwamba atakuja. Mwenye kovu usidhani kapoa. Lakini mlango uwe wazi, na tuufungue sisi wenyewe.

La pili ni kwenu, vijana wa leo. Mtashindwa michezo mingi hapa, na mtafundishwa kushindwa kwa heshima. Hilo walimu wenu wanaliweza. Mimi nawaomba mwangalie jioni yake, bwaloni, wimbo unapoanza. Wakati huo mtazame nani anaimba kwa sauti kubwa kuliko wote, na mjiulize mpira ulikuwa miguuni mwa nani.

Mzee wangu wa Chicago bado yu hai, ni mkongwe sana, na bado anaishangilia timu yake, ambayo tangu 2016 haijatwaa ubingwa mwingine. Nilimwandikia kwamba nitasema maneno haya hapa. Alinijibu kwa mstari mmoja, akiuliza kama turubai liko tayari iwapo mvua itanyesha.